Saa Moja Uliyoniambia

Mdogo wangu Saumu,

Salamu nyingi kutoka uwanja wa ndege wa Ukunda. Ndiyo, Ukunda papa hapa! Nilikutuma uulize ndege ya Nairobi inaondoka saa ngapi, ukaniambia saa moja. Nikatoka Msambweni alfajiri bila hata chai, nisije nikaikosa nikaha ya mpwa wetu Rehema. Kumbe, asema binti wa tikiti, saa moja ni muda wa kuwa angani! Kuondoka ni saa kumi jioni, na nikaha yenyewe ni baada ya Alasiri. Asmini nilizomchumia bibi harusi zaanza kunyauka, basi nimezivaa mwenyewe. Kila apitaye ananipa hongera.

Nibusie watoto. Mola akuzidishie afya, mpenzi wangu, na masikio.

Dadako,
Mwanaisha