Nyota za Utulivu

Jumatatu, 3 Machi

Hakuna kisu! Daktari wa figo kasema mwenyewe. Mkojo wa binti yangu Kidoti hautoki wote, kiasi kinapanda tena kuelekea kwenye figo. Lakini si vibaya sana, na wengi wa umri wake hupona kadiri wanavyokua. Dawa kidogo kila jioni. Maji kwa wingi. Choo kisiwe kigumu. Na kila baada ya saa mbili aende akojoe, atake asitake – asubiri kidogo, akojoe tena. Kubana mwiko.

Nimempitia mwalimu wake, nimemweleza. Kaitikia.

Mama mkwe kaguna. Eti ugonjwa gani huu unatibiwa kwa kukojoa. Guna tu, mama. Aliyembeba tumboni ni mimi.

Jumapili, 9 Machi

Homa. Mkojo unanuka, na akikojoa analia. Hospitali wamempa dawa nyingine, kali zaidi.

Mume wangu kakaa kitandani kashika kichwa. Tusijidanganye, kasema, mtoto apasuliwe yaishe. Na mama yake mlangoni: si nilisema? Nimekataa. Nimekataa tena. Dawa anameza mbele ya macho yangu, maji anakunywa. Kuna kitu hapa, na nitakijua.

Jumatano, 12 Machi

Nimekijua!

Homa imeshuka, Kidoti anaruka kitandani. Nikamwuliza tu, kupitisha muda: hizi nyota za karatasi alizobandika baba kabatini, unapewa kwa nini? Mume wangu kila mgeni lazima azione. Binti yangu huyo, huwaambia, kila siku nyota!

Kumbe ni nyota za utulivu. Anapewa asiyenyanyuka kwenye kiti tangu asubuhi hadi kengele ya mapumziko. Mtoto alikuwa anakalia kisigino, anabana, anashinda. "Mimi sijawahi kukosa, mama," kaniambia, kifua mbele.

Nikacheka. Kisha nikalia kwa hasira. Mume wangu kazibandua moja moja. Ila miadi ya daktari wa upasuaji kashaweka, Ijumaa ya wiki ijayo, na haifuti. Anasema kama shule hawawezi, sisi tutaweza nini? Nitamwonyesha.

Ijumaa, 14 Machi

Shuleni. Mwalimu si mtu mbaya, kachoka tu, watoto wamejaa hadi mlangoni. Kasema akimruhusu mmoja, darasa zima litasimama.

"Basi lisimame," nikamwambia.

Mwalimu mkuu kasema utaratibu ni utaratibu, lakini atalitafakari. Atafakari! Figo za mwanangu zingoje kikao? Nimetoka bila kuaga. Aibu zangu nimeziacha ofisini kwake, azitafakari nazo.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika nikiwa koridoni, nje ya darasa. Kiti nimekibeba mwenyewe kutoka kwenye kibanda changu cha ushonaji, na mashati ya wateja mapajani, natia vifungo. Mlinzi alikuja kunitoa. Nikampa sindano anitungie uzi, macho yangu yananisumbua. Katunga. Kaenda zake.

Tumekubaliana na Kidoti: nikigonga dirisha, anatoka. Hakuna kuomba.

Saa nne. Nimegonga.

Mwalimu kaniona, kageukia ubao. Nyota zimepangwa mezani kwake, zinangoja kengele. Kidoti anazitazama. Ananitazama mimi. Anazitazama tena. Jamani, moyo wangu! Akibaki pale kitini, Ijumaa nitakaa mbele ya mpasuaji sina la kusema.

Kasimama!

Mwalimu anamwambia aketi. Haketi. Anapita katikati ya madawati, kidevu juu, anakuja mlangoni. Mwalimu kaita jina lake lote, la baba na la babu. Anakuja tu.

Na mtoto wa dawati la nyuma naye kasimama. Na jirani yake.