Kompyuta Ilitaka Kunihamisha Ukoo

Alhamisi, Novemba. Tangu asubuhi mvua inanyesha, inaacha, inanyesha tena, kama mgeni anayesema ana haraka lakini haondoki. Mimi niko sawa. Ninaandika kwa simu, na kidole kimoja. Wenye vidole kumi wanaandika nini cha maana?

Mizinga ya nyuki nimechonga tangu kabla lami haijafika kwetu. Huku Mumbuni hakuna fundi wa kunifikia, na wanaobisha walijifunza kwangu. Sasa kikundi chetu cha asali kinataka alama ya ukoo, ile tunachonga kwa kila mzinga, iwekwe kwa chupa na kwa bango kubwa la barabarani. Kazi nikapewa mimi. Nani mwingine?

Nikampelekea Mwikali, mwenye duka la kuchapisha mjini, picha ya mzinga iliyopigwa na simu. Alipoikuza ikawa viraka viraka, kama mahindi kwa gunzi. Akanieleza kwamba picha ya simu ni vidoa tu. Lazima aigeuze iwe mistari, ndiyo iweze kukuzwa hata kama nyumba bila kuharibika. Akabonyeza kitu, kompyuta ikachora yenyewe.

Nikasimama.

Alama yetu ni mistari miwili na upinde, na upinde haugusi mstari wa pili. Kompyuta iliugusisha. Ukigusa, hiyo ni alama ya ukoo mwingine kabisa. Mtu akiona asali yangu na alama yao atasema nimeiba mizinga. Na kwetu, mwizi wa mzinga akifa watu huenda mazishi kuhakikisha tu.

"Mzee, ni kanafasi kadogo sana," Mwikali akasema.

"Kadogo? Mwiitu, binti yangu, umenihamisha ukoo na hata chai sijanywa!"

"Si mimi. Hata kwa picha imegusa."

"Macho yako ndiyo yameguswa."

Akacheka, akafuta, akaanza kuchora mwenyewe, nukta kwa nukta, akikunja mstari polepole. Mimi nikimwelekeza na fimbo, yeye akinikataza kugusa kioo. Nikashika kile kipanya nimwonyeshe; mshale ukakimbia mpaka pembeni ukapotea. Nikamwambia kipanya chake ni kibovu.

Tukamaliza. Kwa chupa alama ni ndogo, kwa bango ni kubwa, na ukingo ni laini mahali pote. Nilitembea kifua mbele mpaka nyumbani.

Halafu nikaenda kuangalia mizinga.

Wacha niandike tu, maana kwa mkutano sitasema. Ile mitatu ya mwisho niliyochonga, pamoja na ule wa picha, upinde umegusa mstari. Kompyuta haikukosea. Ni mimi nilikosea, na patasi yangu mwenyewe. Siku hizi macho yananidanganya na mimi ninayatetea.

Bahati mizinga hiyo bado haijatundikwa. Nitafuta alama zote tatu, nichonge upya.

Macho mapya sitapata. Lakini mistari ya Mwikali haizeeki. Kesho, kabla duka halijajaa watu, nitamwomba anichapishie alama kwa ukubwa wa mzinga, nibandike kwa plastiki ngumu, nikate, niwe ninaifuata na patasi. Bado niko na mizinga mingi ya kuchonga mimi.

Na nitamwambia macho yake ni mazima.

Nitaanza na hilo la macho. Nikishapewa karatasi mkononi, ninajijua, nitajifanya nimesahau.