Juni Zote za Said

Jumapili, 4 Mei
Eda, siku ya sitini na mbili. Nimesali, nimekunywa chai, nimechaji simu ya Said. Kila asubuhi naichaji. Sijui kwa nini. Raiya katoka saa moja kwenda kazini kwake mjini, Wattaya. Binti yangu hapendi kuniacha peke yangu, lakini likizo imemwishia.

Saa nne simu ya Said ikalia. Ujumbe wa Kiingereza. Said mpendwa, Juni imekaribia na hujatujibu. Chumba chako tumeshakitandika. Bila wewe tumepotea. Anneliese.

Nimeusoma mara tano. Nimesomesha Kiingereza miaka ishirini na sita. Sikuuelewa.

Jumatatu, 5 Mei
Sijamwambia Raiya. Anneliese ni jina la mwanamke.

Kila Juni, miaka tisa, mume wangu alikwenda Ujerumani kutibiwa mgongo. Wiki tatu. Alirudi kaungua jua, viganja vina sugu. Nikimuuliza, ananambia ndiyo mazoezi ya daktari. Nikaamini. Mgongo wenyewe ulikuwa kweli umepoa.

Alhamisi, 8 Mei
Nimefungua kabati lake. Pasipoti ilikuwa chini ya kofia. Mihuri ya Juni, ukitoa wa mwaka wa kwanza, yote ina herufi L.

Raiya aliporudi nikamwonesha kila kitu. Akaifungua pasipoti.

"Mama, hii si Ujerumani. Hii Luxemburg."

Akanitafutia kwenye ramani. Kidole chake kiliifunika nchi nzima. Halafu akasema tuliache jambo hili, baba keshakwenda kwa Mola wake. Nna hasira. Aliyekufa huwezi kumgombeza. Sasa hata kumlilia siwezi sawasawa.

Ijumaa, 9 Mei
Wifi yangu Asya kaja kutoka kwake Bustan baada ya sala, na halua yake. Nikamuuliza waziwazi: kaka yako alikuwa na mke Ulaya?

Akaweka chini kikombe cha kahawa. "Wallahi sijui, wifi. Said alikuwa mtu wa siri tangu mdogo."

Hiyo ndiyo faraja niliyopewa.

Sikula. Nimekosea rakaa mara mbili. Namuombea dua, nafika katikati nakatisha. Kama yule ni mke, naye anakaa eda? Au hajui kama kafiwa? Mara namchukia, mara namwonea huruma. Khasa huruma ndiyo inayonikera.

Jumanne, 13 Mei
Nimemjibu. Said alifariki mwanzo wa Ramadhani. Mimi ni mke wake. Wewe ni nani?

Nikaweka simu kitandani, nikaenda kutawadha. Niliporudi jibu lipo. Refu.

Ana miaka sabini na mbili. Yeye na mumewe wanatunza kiwanja cha kriketi cha kijijini kwao. Mwaka wa kwanza Said alikuja kweli kutibiwa Ujerumani, ng'ambo ya mpaka. Siku moja akapanda basi kutembea, akawaona watu wanacheza penye mashimo. Akaingia, akawaambia nyasi wanazikata vibaya. Tangu hapo akaja kila Juni kuwatengenezea. Alilala chumba cha juu ya banda la mashine. Anasema wamelia, yeye na mumewe.

Kaniletea picha. Said kapiga magoti kwenye nyasi, suruali fupi, anazipima kwa rula. Anacheka mdomo wazi. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na kicheko kile sikijui.

Ilikuwa nipumue. Sikupumua. Mke mwenza ningemwelewa. Kiwanja?

Ijumaa, 16 Mei
Asya kanipigia. Kakumbuka: walipokuwa wadogo Unguja, Said alikuwa akitoroka chuo cha Kurani kwenda Mnazi Mmoja kutazama kriketi. Baba yao alimchapa, hakuacha.

Nilipokata simu, nami nikakumbuka jambo. Mwaka wetu wa kwanza katika nyumba hii ya Hail. Said kakaa mbele ya televisheni, kriketi, asubuhi mpaka jioni. Dada zangu walikuwapo. Nikasema, tazameni, mtu mzima anaangalia watu waliosimama juani. Wakacheka. Naye akacheka. Akanyanyuka, akaizima.

Sikumwona kuitazama tena. Nami sikulifikiria neno lile hata siku moja.

Sijui kama ndiyo sababu. Labda siyo. Wa kumuuliza hayupo.

Jumamosi, 24 Mei
Anneliese kapiga simu ya video. Raiya alikaa ubavuni kwangu. Bibi mfupi, koti la mvua, sauti ya kukwaruza. Akatutembeza kiwanjani. Kidogo, kimeinama upande mmoja kuelekea msituni. Hapakuwa na mtu. Mvua.

Wanataka kuandika jina la Said kwenye mlango wa banda. Nimekubali. Nimempa jina kamili, na la baba yake.

Nikamuuliza nyasi zinakatwa mara ngapi.

"Kila baada ya siku moja."

"Na sasa nani anazikata?"

"Mume wangu. Hazitoki sawa."

Raiya alikuwa akifuta macho. Nikamwomba Anneliese asikate simu, aniache nitazame. Akaiegemeza simu dirishani kwake, ielekee kiwanjani, akaingia ndani kupika. Mimi na mwanangu tukatazama mvua inavyozinyeshea nyasi, mpaka ikaadhiniwa adhuhuri.