Senge, Bundi Hakukuua

Shangazi yangu, Senge Nabwire,

Mulembe huko uliko. Kabla ya yote niache nijisifu, maana ukikaa muda mrefu bila kusikia majigambo yangu utadhani mimi ndiye niliyekufa. Mimi ni mtu wa bahati, Senge. Bundi wako amehamia kwangu. Ndiyo, yule yule wa kwenye mvule wa kwenu kijijini Lunyo. Analala juu ya paa langu hapa Busia, nyuma ya maegesho ya malori, ametulia kama mpangaji asiyedaiwa. Nitajie mwanamume mwingine mpakani, upande wa Uganda au wa Kenya, ambaye bundi amefunga safari kumfuata nyumbani. Hayuko. Nimekuwa taniboi wa malori, nimefika Juba, nimefika Goma, nimekunywa chai Bujumbura na mtu aliyedai ni jenerali. Heshima kama hii sijawahi kuipata.

Sasa shika moyo, kwa sababu nimekasirika.

Watu wanasema bundi ndiye aliyekuua. Na si watu baki. Ni kaka yako, Baba Barasa, na mwanawe Wandera, yule wa kukodisha spika kwenye matanga. Wanasema ulimkaribisha ndege wa mauti, ukamchora kwenye daftari, ukamzoea kama kuku, akakumaliza. Wengine wanaenda mbele zaidi, wanauliza kwa sauti ya chini: mwanamke mzima anachora ndege, ya nini? Nasikia hilo neno ambalo hawalitaji, Senge. Nalisikia, na damu inapanda mpaka masikioni.

Wanajua nini wao! Mimi ndiye niliyekuwepo ulipoanza. Ulikuwa ukifagia mahindi yanayomwagika malori yakishusha pale kwenye maghala, na shomoro walikuwa wakidonoa pembeni ya ufagio wako bila hata kuomba radhi. Ukacheka, ukasema, "Huyu na mimi tuna kazi moja." Kesho yake ulinunua daftari la shule na penseli. Ukamchora shomoro, na chini yake ukaandika: asubuhi anakula Kenya, jioni analala Uganda, hajaulizwa kitambulisho hata siku moja, kwa sababu habebi zaidi ya kinachoenea mdomoni. Nilipokusomea hayo taratibu, mimi niliyeacha shule darasa la tano baada ya kutoelewana na mwalimu kuhusu nani kati yetu ni mwalimu, nilisikia kitu kimenigonga hapa kifuani. Nikakaribia kuacha magendo ya sukari. Nilikaribia tu.

Ulikuwa huchori ndege wa ajabu. Wa watalii uliwaachia watalii. Wewe ulichora hawa hawa wa jalalani na uani. Kunguru: amevaa kola ya padri, lakini usimtazame shingo, mtazame mdomo. Mnana: dume anajenga, jike anakagua, asiporidhika nyumba inabomolewa na fundi anaanza upya bila kwenda kushtaki kwa mama yake. Siku hiyo mke wangu wa pili alikuwa ndiyo kwanza ameondoka. Ulinisukumia daftari, ukasema, "Soma hapo, mwana wefwe, mtoto wa kwetu." Nikavimba. Nikakuambia, Senge, mimi siyo mnana, mimi ni mwewe. Ukajibu bila kuinua penseli, "Mwewe haongei hivyo."

Nani ataniambia tena maneno kama hayo? Hapa wote wananiogopa, au hawanisikilizi. Ni kitu kimoja.

Ngoja nirudi kwenye hasira, huko ndiko nina nguvu.

Ulipougua presha, miguu ikavimba ukawa huwezi kuvuka hata kijito, nani alikuja? Mimi nilikuja kila Jumapili na mkate, na hilo silisemi kwa kujisifu, nalisema kwa sababu ni kweli. Jirani yako Mama Achieng alileta uji. Baba Barasa, ambaye ukipiga chafya kwako yeye anasema "afya" kwake, hakuvuka shamba. Wandera alituma kwenye wasapu ile mikono miwili iliyokutanishwa kama inasali. Mikono ya simu, Senge! Haiwezi kumnyanyua mgonjwa hiyo.

Bundi alikuja. Alikuwa akitua kwenye nguzo ya jiko giza likiingia, na wewe ulimsubiri na penseli yako. Nilipokuuliza kama huogopi, kwani kila mtu kwetu anajua bundi akilia nyumbani kuna mtu anaondoka, ulinionyesha ulichoandika. Nimekikariri. "Penye mgonjwa taa haizimwi. Taa inaita wadudu. Wadudu na makombo ya uji vinaita panya. Panya wanamwita bundi. Watu wanamwona bundi, wanamwona mgonjwa, wanasahau taa."

Basi siku ya kukuzika. Walikuweka pembeni, nje ya ua, kupita migomba, kwa sababu binti aliyerudi kutoka kwenye ndoa hazikwi katikati ya boma. Desturi ni desturi, nikameza. Lakini pembeni huko ndiko ulikosimama mvule, na kwenye shimo la mvule bundi alikuwa amelala usingizi wake halali. Wandera akaja na spika zake zenye ukubwa wa friji. Kutafuta kivuli, akazifunga kwenye shina. Kwenye shina, Senge! Akawasha jenereta, akaanza, "Moja, mbili. Moja, mbili." Kaburi lenyewe likatikisika.

Nani asingeamka? Bundi alitoka na macho yake, akatua kwenye tawi, jua la saa sita likimpiga usoni kama mtu aliyeamshwa kuulizwa kodi. Na pale pale ndege wadogo wakamwona. Minana, shomoro, mbayuwayu wa jikoni, wote wakamzunguka wakimzomea. Mimi najua jambo hilo, lipo kwenye daftari la pili. Ulikuwa umeandika kwamba ndege wadogo humzomea bundi mchana kwa sababu mchana haoni vizuri na wao wako wengi. Nikafurahi. Nikageuka nikuambie, Senge, ona, ule ukurasa wako...

Nikakuta sanduku.

Hapo ndipo Baba Barasa aliposimama kwenye kiti chake cha plastiki. "Huyo! Huyo ndiye aliyemla dada yangu! Amekuja kuhakikisha!" Waombolezaji wakapiga kelele. Katekista, ambaye muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa ametuambia kifo ni mpango wa Mungu, akainama kutafuta jiwe.

Nilimnyang'anya Wandera maikrofoni. Nikasema, wekeni mawe chini. Nikasema, huyu ndege alikuja kumwona kila jioni, nyinyi mmekuja leo kwa sababu leo kuna wali.

Baba Barasa akapaza sauti, "Mangeni, kaa chini! Taniboi wewe, hapa siyo kwenye gari!"

"Ingekuwa gari, Baba, ningekuwa nimeshawashusha!"

Watu wengine walicheka, nakuambia ukweli. Mama Achieng alisimama upande wangu, mwiko wa ugali bado mkononi. Akasema, "Mwacheni ndege wa watu." Wandera akazima spika. Nikaendelea kwa mdomo wangu ambao haujawahi kuhitaji umeme. Nikawaeleza habari ya taa. Nikawaeleza habari ya panya. Nikawaambia, mkimpiga huyu mnamwita marehemu mchawi mbele ya sanduku lake, na yeye hawezi kujibu.

Mawe yakaanza kuruka hata hivyo. Bundi akafungua mabawa. Na kwangu ndiko alikokuja, kama nilivyokwisha kusema.

Unajua kinachoniuma zaidi? Ndege wadogo wana haki yao. Bundi anakula makinda yao, kwa hiyo wakimzomea wanajua kwa nini, na wakimaliza wanarudi kutafuta chakula. Hakuna mnana aliyesema bundi amemuua shangazi yake. Sisi ndio tuna akili nyingi kiasi hicho. Presha ilikuua, Senge, na upweke ulikuwa ukiisaidia. Lakini presha haina mabawa, huwezi kuipiga jiwe. Na upweke je? Kuupiga jiwe upweke wako kungemlazimu kila aliyekaa kwenye kiti cha plastiki ajipige mwenyewe kichwani. Bundi ni rahisi zaidi. Bundi hana ukoo wa kudai fidia.

Nikupe habari za baada yako. Nyumba yako imefungwa, na Baba Barasa anafunga mbuzi kwenye veranda. Wandera anautazama mvule kwa macho ya mtu anayehesabu mbao. Mimi niliandika yote haya kwenye grupu la ukoo, ujumbe mmoja baada ya mwingine, mpaka wakanitoa. Sasa hapa mpakani wananiita Wakili wa Bundi. Waendesha boda wakiniona wanalia "huu, huu", na mimi nawapungia mkono kama waziri.

Na panya, Senge. Panya wameingia kwenye ghala la Baba Barasa na kujaa kama abiria wa sikukuu. Juzi alinipigia simu, sauti laini kama ya mtu anayeposa, akauliza kama huku Busia kuna dawa ya panya isiyo feki. Nikamwambia, Baba, dawa ilikuwepo bure, ilikuwa na mabawa, nyinyi mkaichukia. Akakata simu. Nilicheka. Halafu kicheko kikaisha, nikabaki nimeshika simu, nikitafuta jina lako ili nikupigie nikusimulie.

Madaftari ninayo mimi. Hakuna aliyeyagombania, wote waliogopa kuyashika. Nami nimeanza kuchora. Shomoro wangu anafanana na parachichi lenye miguu. Lakini wiki iliyopita nilipeleka mbolea Mulanda na mvua ikatukwamisha, nikamwona kwarara, yule wa mdomo mrefu anayepiga makelele alfajiri kama ameibiwa. Nikamchora. Chini yake nikaandika, kwa mkono wangu: kwarara analalamika kwanza, ndipo anakwenda kazini. Nikakaa nikausoma mstari huo mwenyewe. Sidhani ungeufuta.

Kwa hiyo sikiliza. Siku watakayojenga kaburi lako kwa saruji, ukoo wote utakuja tena, maana kutakuwa na wali tena. Mimi nitasimama pale pale, bila spika, nitasoma ukurasa wa taa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na Baba Barasa atausikia wote hata akiziba masikio kwa mahindi yaliyobakizwa na panya. Jina lako litatoka kwenye midomo yao likiwa safi. Hiyo ni ahadi, na safari hii siyo ahadi ya taniboi.

Lala, Senge. Kama huko kuna ndege, wachore. Wa kawaida tu.

Mwanao,
Mangeni

Hakuna bundi juu ya paa langu. Ile bahati niliyojisifia ni uongo. Alipofungua mabawa jiwe lilimpata, akaanguka juu ya udongo wako kabla hawajaanza kukufukia, akafa.