Sauti Yako kwenye Simu ya Gogo

Dada yangu Zuhura,

Watu waliokupenda kwenye filamu bado wananisimamisha njiani. Juzi mama mmoja Mkongo, msusi wa hapa La Rochelle, Johannesburg, alinishika mkono akaniuliza kama ni kweli hukufa, kwamba wakwe zako wamekuficha tu huko milimani. Hayo si ya kujibiwa mlangoni pa saluni. Nikamwambia nitaandika, kila mtu asome. Basi nakuandikia wewe, na wao wasikilize.

Unakumbuka tulivyoishi kwanza Berea, humu humu Johannesburg, baada ya Mama kutuleta kutoka Tanga? Lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu tangu siku tuliyohamia, tukawa tunapanda ngazi huku wewe unaigiza. Tukifika kwenye robot, taa za barabarani, kusubiri kuvuka, ulikuwa ukiniambia, "Nitazame, nitalia kabla taa haijawaka kijani." Na unalia kweli, machozi mpaka kidevuni. Siku moja mzee mmoja akakupa kitambaa chake cha mfukoni akaenda zake, na wewe ukaona aibu mchana kutwa.

Kazi yako ya kwanza ilikuwa kuigiza maiti. Walitafuta msichana wa kulala juu ya meza ya mochwari bila kuonekana akipumua. Tulikusanyika kwa jirani kukutazama. Mama alipokuona umefunikwa shuka hadi shingoni, midomo imepakwa rangi ya majivu, aliinuka akazima televisheni ya watu.

"Zuhura, hilo si jambo la kuchezea."

"Mama jamani, kazi yenyewe ni kulala tu!"

Kumbe walikupenda ulivyokufa. Tangu hapo, karibu kila filamu uliyocheza, walikuua. Hata ile kubwa iliyokupa jina. Siku ya kurekodi maneno ya mwisho ulikuwa na mafua, sauti imekauka, na mwongozaji akaniweka mimi kwenye maikrofoni, kwa kuwa sauti zetu hata Mama alikuwa akizichanganya kwenye simu. Pale unapomuaga mtoto wako, uso ni wako na sauti ni yangu. Hakuna aliyegundua.

Ni filamu hiyo iliyomleta shemeji. Baada ya onyesho la Sandton alikufuata akakuuliza, "Unajisikiaje kufa mara nyingi hivyo?" Nawe ukamjibu, "Inategemea nani ananililia." Ulinisimulia jikoni ukicheka hadi ukaunguza vitunguu. Hukujua kama mtu yule ni mjukuu wa malkia.

Alikuja kwetu bila makuu, akakaa kwenye kochi letu lililobonyea, akakubali kila alilotaka Mama. Ndoa ikafungwa sebuleni, sherehe ya kwao ikafuata milimani. Shangazi zake walikuwa na sharti moja: filamu basi. "Mke wa nyumba hii haonekani na watu akifa," walisema. Nilijua utakataa. Hukukataa.

"Nimechoka kufa, Rehema," uliniambia. "Nataka kuishi mahali pamoja."

Na uliishi. Kila ukinipigia ulikuwa na habari za Gogo, ndivyo wanavyoita bibi kule, yaani bibi yake shemeji, yule malkia mama yake mfalme, ambaye macho yake yalishazimika. Ulimsomea magazeti, ukamweleza mawingu yalivyokaa mlimani. "Hajawahi kuuona uso wangu," ulisema, "ndiyo maana ananipenda bila kuushangaa."

Kisha ikaja ile homa, na ilikwenda mbio kuliko gari lililotubeba mimi na Mama. Tulipofika, ulikuwa umeshazikwa kwenye kilima cha familia yao, ambako kwa mila yao wanawake hawapandi wakiwa hai. Shemeji alihakikisha umeswaliwa, Mungu amlipe. Lakini Mama hakukuosha, hakukuona. Alisimama chini ya kilima na kanga yake, akatazama mawe. Kurudi La Rochelle akawa anatandika kitanda chako kila asubuhi, ingawa hakuna aliyekilalia.

Shemeji alinipigia baadaye.

"Gogo hajaambiwa. Moyo wake ni mbovu, daktari amekataza. Tumemwambia Zuhura yuko Johannesburg anamuuguza mama yake. Sasa anataka kumsikia. Shemeji, nakuomba."

Nilikataa. Akalia kwenye simu, mtu mzima yule. Nikakubali mara moja tu.

Lugha yao iko karibu na Kizulu, na Kizulu nimekulia nacho. Nilikaa kwenye ngazi za ofisini Sandton, wenzangu wakila chakula cha mchana, nikasema, "Gogo, ni mimi."

Nilisikia akivuta pumzi.

"Mwanangu," akasema taratibu, "unapiga simu kutoka wapi?"

"Johannesburg, Gogo."

"Mbona uko mbali?"

Mara moja ikawa kila wiki. Mwanzoni nilikuwa naigiza. Halafu, dada, sauti ikaanza kuja yenyewe. Nilikuwa nikikata simu, nashindwa kuirudisha yangu. Siku moja nilisimama nje ya nyumba nikamwita mwanangu, Mama akatoka jikoni mbio, miguu mitupu: "Zuhura?" Akaniona mimi. Akarudi ndani.

Kuna siku Gogo aliniuliza, "Yule ndama niliyekupa, ulimwita nani?" Sikuwahi kusikia habari za ndama. Nikafungua mdomo ili nikwepe, mdomo ukasema, "Ukungu." Gogo akacheka kwa furaha. Jioni ile nilimuuliza shemeji. Akasema, "Nani alikwambia jina hilo?"

Nilitaka kuacha. Nilimpigia Gogo nikiwa nimeshapanga uongo wa kuaga, lakini yeye alinitangulia.

"Leo nataka kuzungumza na wewe mwenyewe. Wewe ndiye mdogo wake, eti?"

"Ndiyo, Gogo. Nisamehe."

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Siku ile ulipopiga, dada yako alikuwa hapa, amekaa kitandani pangu, miguuni. Huja kila siku. Godoro linabonyea, ananisimulia mawingu kama zamani. Basi nikashangaa, huyu yuko hapa, na yule kwenye simu ni nani?"

Nilikandamiza simu sikioni.

"Lakini tangu uanze kupiga, amekuwa bubu. Anakuja, anakaa, nasikia pumzi yake tu. Sauti yake umeichukua wewe. Mimi sioni midomo, mwanangu. Mrudishie."

Nilimwomba radhi kwa sauti yangu. Ilitoka nzito, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyeamka kutoka usingizini. Gogo akasema, "Ehe. Sasa nakusikia." Tangu saa ile sauti yako haijanirudia tena, hata nikiitafuta.

Asubuhi iliyofuata akapiga yeye. Alisema umezungumza, na la kwanza uliloliuliza ni kwa nini Mama hajaja kukuona. Gogo akaagiza Mama apandishwe kilimani, shangazi za shemeji wakasema mila hairuhusu. Gogo akawajibu kwamba mila za kile kilima anazijua yeye kuliko wao, na kama mama wa Zuhura hapandi, basi na yeye akifa asipelekwe huko. Wakakubali.

Kwa hiyo tulikuja, dada. Shemeji alimshika Gogo mkono huu, mimi mkono ule, Mama akatangulia. Mlimani kulikuwa hakuna upepo, hata nyasi hazikutikisika. Mama alisimama kwenye kaburi lako akaomba dua, ndefu, bila kulia. Alipomaliza akamgeukia Gogo, akauliza kwa Kizulu chake cha sokoni:

"Yupo?"

Gogo aliinamisha kichwa kusikiliza.

"Yupo. Lakini leo hasemi na mimi."

Mimi sikusikia kitu, wallahi. Niliona tu uso wa Mama ukigeuka polepole kuelekea kushoto kwake, mahali pasipo na mtu, kama anayeitwa. Akaitika, "Naam, mwanangu." Akasikiliza kwa muda. Akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Haya. Nimesikia." Kisha akajifunga kanga vizuri, akaanza kushuka.

Ndani ya gari nilimuuliza umemwambia nini. Akasema hayo ni yake na mtoto wake. Hajaniambia mpaka leo, na kile kitanda chako amewapa watu wa Berea waliofika karibuni na hawana pa kulala.

Kwa hiyo huyo msusi na wengine wote wajue: ulikufa, dada, safari hii kweli, na hakuna aliyekuficha. Mimi nimebaki na sauti moja tu, na kwa sauti hiyo nakuaga. Pumzika ukitaka. Ukitaka kutembea, tembea.

Ni mimi mdogo wako, niliyekufuata tumboni,
Rehema