Baraza Uliyoivunja

Muscat, Ijumaa ya kwanza ya Machi; mwaka wa thelathini na nane tangu niondoke Kariakoo.

Mdogo wangu Shabani,

Marahaba. Naitikia kabisa, maana najua ukiifungua barua hii utaanza na shikamoo ili unipoze. Sipoi. Nakuuliza afya yako na ya shemeji kwa moyo safi, na magoti yangu bado yananifikisha msikitini. Basi, hayo yatosha. Simu zangu hupokei tangu juzi, kwa hiyo barua hii anakuletea jirani yangu anayepanda ndege leo.

Video yako nimeitazama mara nne. Umesimama mbele ya nyumba ya baba unacheka, nyuma yako fremu mbili mpya za duka zimejaa viatu vya mtumba vya Mchikichini. "Kaka, cheki mjengo ulivyopendeza!" Mimi nikawa naitafuta baraza. Nilipokuuliza ukanijibu kama unamjibu mtoto: "Ile si ilikuwa kiti cha wazee wa kahawa tu? Huku Bongo ukiacha mbele pamekaa bure, watu wanakucheka."

Shabani, ile haikuwa kiti. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni mwaka ule maji ya mtaro yalipokula udongo chini ya ukuta wa mbele. Baba na fundi Likokola walichimba hatua moja, wakajaza mawe na zege, wakaruka hatua mbili, wakachimba tena, ili ukuta usibaki hewani wote kwa pamoja. Kisha wakaipandisha baraza kutoka chini kabisa, imeubana ukuta, iuegemeze na izuie maji. Mawe niliyabeba mimi. Watu wakaja kuikalia, wakaagiza kahawa, na mwisho hata sisi wenye nyumba tukaamini ilijengwa kwa ajili ya makalio. Kosa langu ni kwamba sikukueleza. Kosa lako ni kwamba hukuuliza; ulimpa mtu nyundo.

Jana nimeongea na dada yetu Mwajuma. Ufa umepita juu ya kitanda chake kile chumba cha mbele, unajua? "Juzi ulikuwa wa kupitisha ukucha," ananiambia, "leo nimeingiza kijiko. Nimeuziba kwa gazeti, mende wasije kunitembelea." Yeye anacheka, mimi nimeshindwa. Fundi wako akapiga plasta, akamwambia, "Mama usihofu, nyumba inapumua tu." Nimesoma vitabu maisha yangu yote, sijakutana na nyumba yenye mapafu. Plasta yenyewe imepasuka kabla rangi haijakauka, na masika ndiyo hiyo inakuja.

Tafuta fundi anayejua msingi, mzee ikiwezekana. Viatu vitoke. Auegemeze ukuta kwa magogo kwanza, achimbe kwa hatua kama alivyochimba Likokola, kisha baraza irudi palepale. Akikwambia atachimba ukuta mzima kwa siku moja, mfukuze.

Lakini Mwajuma asimsubiri fundi. Nilimwambia ahame. "Nihamie wapi, kaka? Vyumba vingine vina watu, na cha uani ni chako." Nikamwambia avunje kufuli. Akakataa katakata: "Halafu ukija utalala wapi?"

Kitanda changu kiko mle, na sanduku la vitabu. Ufunguo ninao hapa kwenye droo. Kila Idi nawaambia nakuja mwakani, nanyi mnafagia mbele ya mlango ule. Mjane wa miaka sabini analala chini ya ukuta unaoanguka ili kitanda changu kisiguswe. Hapo hasira imenigeukia mwenyewe, ingawa haijakuacha wewe.

Msalimie shemeji, na Bi Zuhura jirani aliyemuuguza mama mpaka mwisho, na muuza kahawa, kama bado anapata pa kukaa.

Kufuli ivunje wewe. Mwajuma aingie leo, kabla hujamaliza kuikunja karatasi hii. Vitabu mpe anayesoma. Akiuliza tena nitalala wapi, msomee mstari huu: mimi sirudi.

Kaka yako,
Salum