Pai ya Mapichi na Matobolwa ya Minza

Lushoto,
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu Minza, Mama Kabula,

Mwadila! Ningekuwa hapo mlangoni ungeitikia kisha uniulize, "Mhola?" nami ningekujibu mhola duhu, ni amani tu. Basi tuchukulie tumeshasalimiana hivyo, maana karatasi haiwezi kuitikia. Mimi ni mzima. Kikohozi cha baridi ya huku kimeniacha, na koti la marehemu baba ndilo limeniokoa. Wewe hujambo? Mgongo unaendeleaje? Usinijibu kwamba ni mzima tu kama kawaida yako. Niambie ukweli.

Barua yako niliipata. Nimefurahi kwamba Kabula amepona kifua na kwamba mvua imekubali huko kwetu Nkoma. Dume la jirani kuingia kwenye mtama wetu si kosa la dume, kagombane na mwenyewe. Na yale maneno ya shemeji Maduhu, kwamba mwanaume anayekanda unga mwisho wake ataolewa, mwambie kaka yako nimeyasoma. Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikakasirika tena. Ila asome na barua hii yote, tena umsomee kwa sauti.

Hujasahau tulivyokubaliana siku ile naondoka. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na mizani zao, chama cha ushirika kikaishiwa nguvu, nyumba yake ya wageni pale jineri, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ikafungwa, na sisi wapishi tukapunguzwa kama watu wanavyopunguza miche ya pamba. Ukaniambia, "Nenda. Lakini pamba ikianza kupasuka na hujapata kazi ya kudumu, rudi ushike jembe, na habari za jikoni nisizisikie tena." Mimi nikasema nikiipata, wewe na watoto mtanifuata. Ulikubali, ingawa ulikubali ukiangalia pembeni. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, nikihesabu mvua zenu badala ya za huku.

Hapa nilikuwa kwa majaribio tu. Nyumba hii ya wageni ilikuwa ya shirika la serikali, sasa ameinunua mama mmoja muuguzi mstaafu, Mama Mbaga. Ni mtu mzima, mfupi, hapigi kelele, lakini akinyamaza unatamani apige. Mpishi wake mkuu alimkimbia akaenda Arusha kufuata watalii, nikabaki mimi na masufuria. Mama Mbaga akasema atanitazama kwanza.

Sasa huku kuna tunda linaitwa pichi. Ni la mviringo, ngozi yake ina manyoya laini kama pua ya ndama, ndani ni ya njano na katikati kuna kokwa gumu. Msimu huu yanaiva yote kwa pamoja na kuanguka mpaka kuku wameyachoka. Lakini siku hizi maduka yamejaa vitu vya nje, na yule mpishi alikuwa anatumia mapichi ya kopo. Yaani kopo linasafiri kutoka nchi za watu, linakuja kufunguliwa chini ya mti wenye tunda lilelile. Mama Mbaga jambo hilo lilikuwa linamuudhi sana.

Basi Jumatatu akaniita. "Masanja, Jumamosi nina wageni kutoka Tanga. Wakipapenda, mikutano yao ya mwaka mzima itakuwa hapa. Nataka pai ya mapichi ya kwenye miti yangu, si ya kopo. Ukiiweza, jiko ni lako. Ukishindwa, nina mpwa wangu huko mjini Moshi amesomea hoteli, nitamwita."

Nikajibu, "Naiweza, mama." Unanijua. Kule jineri pai nilikuwa napika ya nyama, nikaona nyama na tunda vinatofautiana nini. Jumanne nikakanda unga wa ngano na siagi, nikamenya mapichi nikayaweka ndani, nikafunika vizuri, nikasukuma ndani ya oveni ya kuni. Harufu yake, Minza, ilikuwa inawatoa watu vyumbani. Lakini nilipoikata, juu ilikuwa pai na chini mtori. Lile tunda lina maji kuliko tikiti. Zawadi, dada anayesafisha vyumba, akachungulia sahani na kusema, "Kaka Masanja, hiki ni chakula cha wageni au uji wa wagonjwa?" Huyu ni Msambaa na ulimi wake haujawahi kuugua. Mama Mbaga alikula kidogo, akaweka kijiko chini. "Jumamosi sitaki kijiko mezani," akasema. "Nataka uma."

Nikakaa nikawaza. Shida ni maji. Na ni nani ninayemjua anayeweza kutoa maji kwenye kitu? Nikakuona wewe nyuma ya nyumba yetu, umekaa kwenye kigoda, rundo la viazi vitamu pembeni, unakata michembe na kuianika juu ya lile jabali. Nikasema dawa nimeipata. Jumatano asubuhi nikakata mapichi mabichi, ndoo nzima, nikayapanga juu ya mwamba ulio nyuma ya jiko kama unavyopanga wewe. Jua lilikuwa limetoka. Nikajisifu moyoni, nikaenda kuosha vyombo.

Mke wangu, nilisahau kwamba niko Lushoto. Huko kwetu jua likitoka limetoka. Huku jua ni mgeni wa kupita, anasalimia mlangoni na kuondoka. Kabla ya saa sita ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukakaa palepale juu ya mwamba wangu. Nilipokwenda kutazama, mapichi yalikuwa meusi kama tumbaku ya kutafuna, yanateleza, nzi wamefanya mkutano. Zawadi alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu Msukuma anaanika matunda! Huku hata shati tunalisubiria siku tatu!" Mama Mbaga yeye hakucheka. Alitazama ule mwamba, akatazama miti yake, akasema taratibu, "Ndoo nzima, Masanja. Kesho kutwa nampigia simu mpwa wangu."

Nakwambia ukweli, niliona aibu na niliumia. Nilikwenda chumbani nikaanza kukunja nguo. Nilijiona nashuka pale Bariadi stendi na begi langu, Maduhu amesimama ananisubiri na meno yote nje. Chini ya begi mkono ukagusa ule mfuko wako wa matobolwa, viazi vyako vikavu ulivyonifungia safarini, niliokuwa nauhifadhi nile kidogo kidogo. Nikatia kipande mdomoni, nikakitafuna kwa hasira.

Katikati ya kutafuna ndipo nikasimama. Haya hayakuwa michembe. Yalikuwa matobolwa. Viazi vya michembe unavikata vibichi, lakini vya matobolwa unavichemsha kwanza na maganda yake, ndipo unamenya, unakata na kuanika. Nimekula vyote viwili tangu nilipoota meno na sikuwahi kufikiria tofauti yake inatoka wapi, maana kwetu mwanaume hujikuta tu bakuli liko mbele yake. Lakini nilikumbuka kuwa matobolwa yako huwa hayawi meusi hata mawingu yakiwa mazito. Nikafungua begi, nikarudisha nguo msumarini.

Alhamisi nikamfuata Mama Mbaga bustanini. "Mama, nipe siku yako moja iliyobaki."

"Na matunda yangu?"

"Nitaokota mwenyewe, yale ya chini ambayo kuku wameyaacha."

Akanisukumia ndoo tupu. "Ukiyaanika tena, nakuanika wewe."

Nikachemsha maji, nikayazamisha mapichi kidogo tu na ngozi zake kama unavyofanya viazi. Ngozi ikabanduka yenyewe, nyama ikabaki njano na haikugeuka rangi. Nikakata vipande, nikanyunyiza sukari, nikaviweka kwenye kikapu kisafi juu ya sufuria, karibu na ukuta wa oveni wenye joto. Maji yakaanza kudondoka. Nikayaacha yadondoke mpaka Ijumaa, kisha yale maji nikayachemsha hadi yakawa mazito kama asali, nikayarudisha kwenye vipande. Na bado niliogopa chini ya pai. Basi nikachukua matobolwa yako yaliyobaki, yote, nikayatwanga kwenye kinu cha Zawadi mpaka yakawa unga, nikaumwaga juu ya kinyunya cha chini, ule unga uliokandwa, kabla ya kuweka tunda. Matobolwa yana kiu, yalikunywa kila tone lililojaribu kushuka. Zawadi aliuliza ninachotwanga. Nikamwambia, "Ni mke wangu."

Jumamosi wageni walikaa mezani. Nilisimama nyuma ya mlango wa jiko, kama siku ile nasubiri baba zako wahesabu ng'ombe wa mahari. Niliisikia pai inakatika, krr, mpaka chini. Kisha nikasikia uma zinagonga sahani. Uma, Minza! Hakuna aliyeomba kijiko. Bwana mmoja akauliza kama kuna kipande kingine, mwenzake akamwambia aache tamaa huku na yeye akinyoosha sahani. Zawadi alirudi na sahani tupu, akakwangua makombo kwa kidole na kuyalamba, na kwa mdomo wake ule hiyo ni sherehe kubwa.

Jioni Mama Mbaga akaja jikoni, akakaa kwenye stuli. "Mpwa wangu abaki Moshi," akasema. "Wageni wamekubali, wanarudi kila mwezi. Kuanzia kesho wewe ndiye mpishi wa nyumba hii. Kuna vyumba viwili nyuma ya jiko vimejaa magunia, vitoe magunia. Mlete mkeo na wanao. Sipendi mpishi anayekula peke yake, chakula chake huwa na chumvi nyingi."

Nilitoka nje nikalia kidogo, sioni sababu ya kukuficha. Moshi wa kuni ulinisaidia kwa watu waliouliza.

Kwa hiyo mimi sehemu yangu nimeitimiza, na pamba bado haijapasuka. Sikulazimishi uache shamba njiani. Vuna kwanza. Muuzie mnunuzi ambaye mizani yake umeipima wewe kwa macho yako, usimsikilize yeyote anayesema ana haraka. Shamba mwachie mdogo wangu Jilala alime, na mama yangu, mayu, atakaa na dada kama mwenyewe alivyotaka. Shule ya huku iko karibu, Kabula hatavuka mto. Najua unaogopa baridi na unaogopa kuwa mgeni kwa watu. Mimi pia niliogopa, na wiki hii nilitaka kukimbia. Lakini vyumba vile nimeshaanza kuvifagia, na sitaviacha vikae tupu.

Nisalimie mayu na umwambie koti la baba linafanya kazi. Wasalimie Jilala na mkewe, na baba mkwe na mama mkwe kwa heshima zote. Kabula mbusu kwenye paji la uso, yeye na mdogo wake. Mama Kulwa jirani yetu mpe pole ya kuuguliwa. Shemeji Maduhu msalimie sana, tena umwambie huku ninakanda unga kila siku na hakuna aliyekuja kuniposa bado.

Jambo moja limebaki. Wale wageni wakirudi wanataka pai ileile, na mfuko wako sasa hauna hata chembe. Jana Mama Mbaga aliukung'uta kwenye kiganja, akaniuliza mengine yatatoka wapi. Nimemwambia yapo njiani, yanakuja na mwenyewe anayeyatengeneza. Usinifanye mwongo, Minza.

Mumeo anayekungoja,
Masanja, mpishi